Kiingilio Kilikuwa Shikamoo

Televisheni za Fundi Redio zilikuwa mbili. Ya juu ilikuwa na picha lakini haina sauti. Ya chini ilikuwa na sauti lakini kioo chake kilikufa zamani. Moja aliachiwa na mteja aliyehama, nyingine aliiokota kwenye stoo ya shule ikiwa imejaa vumbi na mayai ya mijusi. Alizifungua, akazipiga solda, akazipandisha moja juu ya mgongo wa mwenzake, akazitegea kituo kimoja. "Zinaishi kama mke na mume," alipenda kusema. "Mmoja anaonekana, mwingine anasema."

"Na anayesema ndiye aliyebeba mzigo," mkewe alikuwa akiongezea.

Mwaka ule wa Kombe la Dunia, mtaa mzima haukuwa na televisheni nyingine. Kulikuwa na moja kwenye hoteli ya barabara kuu, lakini pale hukai bila kununua soda, na soda moja haiwezi kunywewa kwa dakika tisini bila mhudumu kuanza kufuta meza yako kwa hasira. Kwa Fundi hakukuwa na soda wala mhudumu. Kulikuwa na chumba cha mbele tu, hatua tano kwa sita. Asubuhi na jioni kilikuwa saluni ya mkewe, ambaye alikuwa msusi. Mchana kilikuwa karakana ya redio. Na mwaka ule, kuanzia saa kumi jioni, kilikuwa uwanja wa mpira.

Watu walikaa juu ya jamvi, juu ya ndoo zilizopinduliwa, juu ya kizingiti, na wengine walisimama dirishani wakiegemeza videvu kwenye nondo. Mwenye bucha, ambaye mtaa ulimwita Mrefu na hakuwa na haja ya kuulizwa kwa nini, alipewa kazi ya kugeuza bomba la antena huko nje kila kioo kilipojaa chenga nyeupe badala ya picha. Alikuwa akigeuza na kupiga kelele, "Vipi hapo?"

"Chenga!"

"Na hapo?"

"Chenga tupu! Rudisha! Rudisha kidogo... hapo hapo! Usipumue!"

Naye Mrefu alibaki amekumbatia bomba, akitazama mchezo kupitia dirishani kama mtu anayechungulia harusi ambayo hakualikwa.

Kiingilio kilikuwepo, lakini hakikuwa fedha. Karani mmoja wa posta, mgeni mtaani, alikuja siku ya pili ya mashindano akiwa na viatu vinavyong'aa, akatafuta pa kukaa. Fundi alimgusa bega.

"Ndugu, umeshalipa?"

Karani akatia mkono mfukoni, akatoa sarafu. Watu wakaangua kicheko.

"Hizo rudisha," Fundi alisema. "Nenda nyuma ya pazia lile. Yuko mama yangu. Mwamkie, kisha urudi ukae."

Karani alikwenda. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba kidogo chenye kitanda cha chuma, na kitandani alikuwa ameketi bibi kizee amefungwa kilemba cheupe.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, baba. Wewe ni wa nani? Sauti yako siijui."

"Mimi wa posta, Bibi. Nimehamia juzi."

"Umekuja na mkeo?"

"Bado yuko kwao, Bibi."

"Mlete. Mwanamume akikaa peke yake anakula vitu vya ajabu. Haya, nenda, wasije wakafungana wewe hujaona."

Ndivyo ilivyokuwa kwa kila aliyeingia. Shikamoo thelathini, siku nyingine arobaini, kila jioni. Bibi alikuwa amevunjika nyonga mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, na tangu wakati huo hakuwa amevuka kizingiti cha chumba chake. Mtaa ulimsahau, si kwa ubaya. Watu humsahau wasiyemwona. Siku zake zilikuwa na sauti tatu tu: ya mwanawe, ya mke wa mwanawe, na ya kitana kikipita kwenye nywele za wateja. Sasa katika wiki mbili tu alikuwa anajua mguu wa mke wa Mrefu umepona kiasi gani, nani amefukuzwa kazi, na kwamba Mwalimu wa jiografia, mama mnene aliyeshangilia kuliko wanaume wote, alikuwa ameacha kuongea na dada yake kwa sababu ya sufuria.

"Sufuria?" Bibi alimwambia siku hiyo. "Mwanangu, dada hauzwi dukani. Sufuria inauzwa."

Mwalimu alirudi kukaa kwenye jamvi, na siku iliyofuata alikuja kutazama mpira na dada yake.

*

Mke wa Fundi hakuipenda hali ile. Wateja wake wengi walikuwa wafanyakazi, na wafanyakazi husuka wanapotoka kazini, saa kumi na kuendelea, saa ile ile ya mpira. Siku moja alikuwa amefika katikati ya kichwa cha karani wa mahakama watu walipoanza kumiminika. Wakamsogeza karani, wakamsogeza tena, mwishoni mtu akamwomba ainamishe kichwa kwa kuwa alikuwa anaziba goli. Karani aliinuka, akafunga kitambaa juu ya nywele zilizosukwa nusu, akaondoka. Kesho yake alionekana akisuka kwa msusi mwingine, upande wa pili wa soko.

"Baba watoto," mke wa Fundi alisema watu walipokwisha kutoka, akiokota maganda ya karanga kwenye jamvi, "mpira wako leo umenilia kichwa kizima."

"Nusu," Fundi alisema. "Nusu si ulishalipwa?"

"Unanichekesha? Kiti kimevunjika mguu. Mlango umelegea bawaba. Hawa watu watalipa lini?"

"Wanalipa kila siku."

"Shikamoo hainunui sabuni."

"Hainunui," Fundi alikubali. Akachomoa nyaya moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala. "Lakini muulize mama."

Hakumuuliza, kwa sababu alikuwa ameshaona kwa macho yake. Alikuwa ameona jinsi Bibi alivyoanza kuuliza saa tangu mchana. Alikuwa ameona kilemba cheupe, kilichokuwa kimekaa sandukuni tangu msiba wa mume wa Bibi, kikifuliwa na kuanikwa kila baada ya siku mbili. Na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akizisuka zile nywele zilizobaki, nyepesi kama pamba, mistari minne tu, kabla wageni hawajafika.

"Kaza kidogo," Bibi alimwambia. "Unanisuka kama unaogopa."

"Nitakuumiza, mama."

"Niumize. Leo wanakuja wengi."

*

Wiki ya tatu, robo fainali zilipoanza, Bibi alianza kukohoa. Mganga wa zahanati alikuja, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akaandika dawa ya maji na vidonge. Alipotoka nje alimwambia Fundi kwamba mapafu yamechoka na umri nao ni ugonjwa. "Mpeni joto, mpeni uji, msimwache peke yake."

Jioni ile Fundi alisimama mlangoni, akawaambia watu leo hakuna mpira, mama hajisikii vizuri. Hakuna aliyenung'unika. Walisema pole, wakaondoka kwa kunyata. Mrefu aliacha kipande cha nyama kimefungwa kwenye gazeti, akasema ni ya supu ya Bibi.

Saa kumi na moja Bibi aliita.

"Leo watu wamekwenda wapi?"

"Unaumwa, mama," Fundi alisema. "Tumewaambia wapumzike."

"Ninaumwa, sasa ndiyo waniache?"

"Kelele zitakuchosha."

Bibi alimtazama mwanawe, au alitazama pale sauti yake ilipotokea, maana macho yake yalishaanza kufanya ukungu. "Nimekaa na kimya mwaka mzima na nusu. Uliona kimeniponya?"

Kesho yake watu walirudi. Walikuja na adabu mpya. Walikaa wamebana magoti, walishangilia kwa kukunja ngumi bila kutoa sauti, na Fundi alipunguza sauti ya televisheni mpaka mtangazaji akawa anasema kama mtu anayesengenya. Kipindi cha kwanza hakijaisha, sauti kavu ikatoka nyuma ya pazia.

"Kwani kuna msiba?"

Chumba kizima kilicheka. Fundi akapandisha sauti. Tangu hapo hakuna aliyebana tena furaha yake.

Siku ya nusu fainali ya pili, mchana, mke wa Fundi alikuwa akimlisha uji. Bibi alikunywa vijiko vitatu, akafunga mdomo, akamshika mkono.

"Mwanangu, siku nikiondoka usiwafungie mlango."

"Mama, kunywa uji."

"Nimeshiba. Nisikilize. Kama ni siku ya mpira, watazame. Nyumba ikinyamaza ndiyo mtu anakufa. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Hukusema 'ndiyo'."

"Ndiyo, mama."

Hakumwambia mtu. Aliona kulisema neno lile ni kama kuliita. Na asubuhi ya Ijumaa, siku mbili kabla ya fainali, alipoingia na maji ya uvuguvugu ya kumwosha uso, alimkuta Bibi amelala ubavu akielekea pazia, na mkono uliokuwa chini ya shavu ulikuwa umeshapoa.

*

Kaka yake Fundi alifika Ijumaa hiyo hiyo alasiri kwa gari lake, akiwa na dereva. Alikuwa mwenye duka kubwa la mbao katika mji mwingine, mwendo wa nusu siku. Mara ya mwisho kuja ilikuwa pale mama yake alipovunjika nyonga. Alikaa siku moja, akaacha fedha za matibabu, akaahidi kurudi. Bahasha zilikuja kila mwezi, kwa uaminifu. Mwenyewe hakuja. Mbao zina msimu wake, na msimu ukiisha kuna kodi, na kodi ikiisha kuna mtoto anayeoa. Si kwamba hakumpenda mama yake. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba kuna muda.

Aliingia chumba cha mbele, akakuta watu wamekaa jamvini wamejiinamia, na ukutani, juu ya meza, televisheni mbili zimepandana. Hazikuwa zimewashwa, lakini zilikuwepo.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Karibu, kaka," Fundi alisema. "Pole na safari."

"Nimeuliza hii ni nini. Njiani, kituo cha mafuta pale, nimeuliza kwa Fundi Redio ni wapi. Unajua wameniambiaje? 'Ah, pale kwa mpira!' Nyumba aliyolala mama yangu mgonjwa inaitwa kwa mpira?"

Mwalimu alishusha macho. Mrefu, ambaye hakuwa na mahali pa kuificha miguu yake, aliikunja zaidi.

"Watu wangapi? Ishirini? Thelathini? Wanapiga kelele kila siku kwenye kichwa cha mgonjwa wa kifua? Mlimuua mama kwa kelele, halafu mnakaa hapa mmeinamisha vichwa?"

"Kaka..."

"Wewe usiniite. Mimi nilikuwa natuma fedha za dawa, wewe unafungua sinema. Zitolewe hizi. Sasa hivi."

Fundi alikuwa na miaka hamsini na moja, lakini mbele ya kaka yake alikuwa bado na kumi. Aliinuka, akachomoa nyaya. Akabeba televisheni ya juu, akapita nayo katikati ya watu, akaipeleka banda la nyuma. Akarudi, akabeba ya chini, ambayo ilikuwa nzito zaidi. Jasho lilimtoka. Wanaume kumi na wawili waliokuwa pale walimwona akihangaika nayo mlangoni, na hakuna aliyemsaidia, kwa sababu kumsaidia kungekuwa kama kukubali yaliyosemwa.

Banda lilikuwa na giza. Fundi alikaa chini pembeni ya mitambo yake, na pale ndipo neno la kaka yake lilipomfikia sawasawa. Je, kama ni kweli? Alikumbuka magoli, alikumbuka vigelegele vya Mwalimu, alikumbuka mama akikohoa na yeye akipandisha sauti. Mkewe alimkuta hapo.

"Toka nje, watu wanakutafuta."

"Niambie kweli. Tulimuua?"

"Acha ujinga," alisema, lakini kwa upole. Alitaka kumwambia neno la Bibi, likamfika mpaka kooni. Kisha akawaza: wiki zote hizi mimi ndiye niliyelalamika. Leo nikisema mama aliniachia wosia wa mpira, nani ataniamini? Shemeji atasema tunamsingizia maiti ili tutazame fainali. Akameza. Akamfuta mumewe vumbi begani, wakatoka.

*

Kaka mtu alipanga mazishi yawe Jumapili asubuhi ili watu wake wa mbali wawahi. Alileta turubai na viti vya kukodi, akalipia jeneza zuri la mbao zake mwenyewe. Fedha za chakula alimkabidhi dereva. Mke wa Fundi alipohitaji chumvi ilimbidi amwombe dereva, naye dereva, kijana mwenye haya, alikuwa akimpa huku akitazama pembeni.

Hata hivyo, kazi haikufanywa na fedha. Jumamosi alfajiri wanaume walikuwa wameshakwenda makaburini na majembe. Wanawake walikuja na masufuria yao, na Mwalimu na dada yake walikuwa wamesimama juu ya moto mmoja, wakikoroga chungu kimoja kwa zamu. Kaka mtu alikwenda kuona kaburi. Alimkuta Mrefu ndani, kaburi limemfika kifuani, anatupa udongo nje kwa koleo.

"Nyinyi ni wa chama gani cha mazishi?" alimuuliza karani wa posta aliyekuwa akipokezana naye.

"Hatuna chama, mzee. Sisi ni wa mpira."

Kaka mtu akatoa noti kadhaa, akamnyooshea Mrefu. Mrefu alizitazama zile noti kutoka chini, akajifuta jasho kwa mkono.

"Ziweke, mzee. Bibi si mzigo wa kulipiwa."

Kaka mtu akarudi akiwa amezishika mkononi, mpaka alipofika kwenye gari ndipo alipogundua hajazirudisha mfukoni.

Bibi alizikwa Jumapili saa nne. Watu wa mbali, waliokuja kwa magari, walitoa pole zao, wakala, wakatazama saa, na kufika saa nane walikuwa wameshaondoka. Barabara ilikuwa mbovu na kesho yake ni kazi. Viti vya kukodi vilibaki vitupu safu kwa safu. Waliobaki walikaa jamvini chini ya turubai: Mrefu, karani wa posta, Mwalimu na dada yake, na wengine ishirini na kitu. Wa mpira.

Saa tisa ikapita. Saa kumi kasorobo kaka mtu alianza kuwaangalia. Alijua leo ni siku gani. Nchi nzima ilijua. Alingoja waanze kuinuka mmoja mmoja, kwa visingizio, ili moyo wake utulie kwamba alikuwa amesema kweli. Hakuna aliyeinuka. Mmoja alikuwa anaosha masufuria. Mwingine alikuwa anakunja magunia ya mkaa. Saa kumi ikapiga. Kwa mbali, kutoka hoteli ya barabara kuu, ikasikika shangwe ya timu zikiingia uwanjani, ikifuatiwa na mbinja. Mrefu alichukua ufagio akaanza kufagia.

Muda ukasogea. Kiasi cha saa kumi na moja na robo ukapanda mngurumo mkubwa kutoka barabarani, wa watu mia moja waliosimama kwa pamoja. Goli. Vichwa vyote chini ya turubai vikainuka mara moja, kisha vikashuka. Hakuna aliyeuliza nani kafunga.

Kaka mtu hakuweza kuvumilia tena.

"Nendeni basi!" alisema. "Si mnasikia? Mpira unaendelea. Mmeshazika, mmeshakula, nani amewashika?"

"Hatujashikwa, mzee," Mrefu alisema. "Tumekaa."

"Mnakaa ili mniadhibu?"

"Tunakaa na Bibi. Leo ndiyo siku yake ya kwanza huko. Tukienda kushangilia itakuwaje?"

Hapo mke wa Fundi, aliyekuwa akipanga vikombe kwenye sinia, alikiweka chini kikombe alichokishika. Akaifuta mikono kwenye kanga.

"Shemeji, kuna neno. Mama aliniambia siku ya nusu fainali, na sikumwambia mtu, hata mume wangu. Alisema akiondoka tusiwafungie mlango. Kama ni siku ya mpira, watazame. Nilinyamaza kwa sababu niliona utasema natafuta mpira. Na Mungu anajua, mimi mpira siupendi. Umenipotezea wateja, umenivunjia kiti. Lakini nilimwitikia 'ndiyo', na tangu Ijumaa, ile 'ndiyo' hainipi usingizi."

Fundi alimgeukia mkewe mdomo ukiwa wazi. Kaka mtu alivuta kiti kimoja cha kukodi, akakaa. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka ngazi.

"Alisema hivyo mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake. Akanishika mkono."

"Na mimi... alinitaja?"

Ingekuwa rahisi kudanganya, na kila aliyekuwa pale angemsamehe. Mke wa Fundi alimtazama shemeji yake, mtu mzima aliyekonda usoni kwa siku tatu, viatu vya bei vikiwa bado na udongo wa kaburi.

"Siku ile hapana, shemeji."

Kaka mtu akatikisa kichwa, kama aliyetarajia. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Alikuwa anashabikia timu gani?"

Watu walitazamana. Mwalimu alitabasamu kwanza, machozi yakiwa yamemsimama. "Timu hakuwa nayo, kaka. Nilimfundisha kila siku, wa bluu wametoka wapi, wa njano wametoka wapi, na kila siku alisahau."

"Alikuwa anashabikia kipa," mke wa Fundi alisema.

"Kipa yupi?"

"Wote. Njoo nikuonyeshe."

Akamwongoza ndani, kupita chumba cha mbele kilichokuwa kitupu, mpaka nyuma ya pazia. Kitanda cha chuma kilikuwa hakina godoro. Lilikuwa limeanikwa nje. "Kaa hapo. Sasa tazama. Unaona mezani pale? Ukikaa hapa mlango unakikata kioo. Mpira ukianza tulimfungulia pazia, na mama alikuwa anaona nusu tu, upande wa goli moja. Wachezaji kwake walikuwa wanapita na kupotea. Aliyebaki ni yule mmoja, amesimama. Akatuuliza, 'Huyu amekosa nini mbona wamemwacha peke yake?' Tukamwambia huyo ndiye mlinzi wa goli. Akasema, 'Wenzake wote wamekwenda kwenye mambo yao, yeye wamemwachia nyumba. Na ikiibiwa watamlaumu yeye.' Basi kila kipa aliyesimama hapo alikuwa mwanawe. Akifungwa, watu wanashangilia, mama anasema 'Pole, baba.' Kila goli. Tulikuwa tunamcheka."

Kaka mtu alikuwa ameketi kwenye vyuma vya kitanda, mikono katikati ya magoti.

"Mdogo wangu yuko wapi?" aliuliza hatimaye.

"Niko hapa, kaka," Fundi alisema kutoka upande wa pili wa pazia.

"Zile televisheni zinawaka?"

"Zinawaka."

"Zilete." Akasita. "Nilisema maneno mabaya. Zilete, nikusaidie kubeba ile nzito."

Hakuhitajika kusaidia. Kabla hajainuka, Mrefu na karani wa posta walikuwa wameshafika bandani. Ya chini ikawekwa, ya juu ikapandishwa, Fundi akaunganisha nyaya kwa vidole vilivyokuwa vinakosea vitu alivyovifanya maisha yake yote. Chenga. Mrefu akakimbia nje. Picha ikaja, ikapotea, ikaja tena ikakaa. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Watu waliingia wakakaa. Walimwekea kaka mtu kiti cha mbele, kile kizima, lakini hakutoka. Alibaki nyuma ya pazia palepale kwenye vyuma, pazia likiwa limefunguliwa nusu. Hawakujua goli la mwanzo lilifungwa vipi wala na nani, na walikuwa wamezidiwa na mambo hata wasijali. Mpira ulikwenda, ukarudi. Na zikiwa zimebaki dakika tatu mshambuliaji mmoja alichomoka, akampita beki, akapiga chini, pembeni. Ikaingia.

Uwanja ule wa mbali ulilipuka. Mfungaji alikimbia kwenye kona mikono imepaa, wenzake wakamrukia, wakarundikana, na kamera ikawafuata, ikazunguka, ikaonyesha mashabiki wakilia kwa furaha na bendera zikipepea. Chumbani hakuna aliyepiga kofi.

"Mbona hawamwonyeshi yule?" sauti ilitoka nyuma ya pazia.

"Nani, kaka?" Fundi aliuliza.

"Yule aliyefungwa."

"Watamrudia," Mwalimu alisema. "Subiri kidogo tu, watamrudia."

Wakasubiri wote pamoja naye. Rundo la washindi likavunjika, bendera zikapita, kocha akakumbatiwa. Kisha, kwa muda mfupi sana, akatokea: kipa mrefu mwenye jezi yenye matope, ameinama peke yake ndani ya wavu wake, anautafuta mpira mahali ulipoishia. Akauokota. Akasimama nao kidogo kabla ya kuurusha.

Nyuma ya pazia kaka mtu alisema neno ambalo hakuna aliyelisikia vizuri, kisha akaanza kulia. Hakuwa amelia tangu Ijumaa. Fundi hakugeuka kumtazama, wala mtu mwingine hakugeuka. Alinyoosha mkono tu, akapunguza sauti, ili kaka yake alie vizuri.